CHUNUSI UKUBWANI NA NGOZI KAVU: TUTUNZE USO BILA KUUCHUBUA

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya ya familia unagusa jambo ambalo watu wengi wanaliona la aibu na hawapendi kuliuliza kliniki: chunusi kwa mtu mzima.

Tumezoea kusema chunusi ni mambo ya vijana, ukioa ama ukiolewa zinakwisha. Lakini hebu tuangaliane. Mama wa watoto watatu ana vipele kidevuni kila mwezi. Baba wa miaka thelathini na mitano ana vipele shingoni kila akinyoa. Na wengi wao ngozi yao si ya mafuta hata kidogo, ni kavu, imepauka, inabana baada ya kuoga. Basi mtu anabaki njia panda: akipaka mafuta anaogopa chunusi zitaongezeka, akiacha kupaka ngozi inapasuka. Hapo ndipo wengine wanakimbilia sokoni kununua krimu ambayo hawajui ndani yake kuna nini. Krimu hizo zinaharibu uso kuliko chunusi zenyewe, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika makala hii.

CHUNUSI NI NINI HASA?

Ngozi yetu ina vitundu vidogo sana ambamo nywele zinaota. Ndani ya kila kitundu kuna tezi inayotoa mafuta ya kulainisha ngozi. Chembe za ngozi zilizokufa zikichanganyika na mafuta hayo, kitundu kinaziba. Ndani ya kitundu kilichoziba bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu wanaongezeka, mwili unapigana nao, na hapo unaona uvimbe, wekundu, maumivu na usaha.

Kwa hiyo chunusi si uchafu. Mtu anaweza kunawa mara tano kwa siku na bado akawa nazo. Pia si ugonjwa wa kuambukiza, huwezi kuupata kwa kusalimiana wala kula sahani moja. Na jamani, tuache ile tabia ya kunong'ona kwamba fulani ana vipele kwa hiyo "ameathirika". Virusi vya UKIMWI vinajulikana kwa kipimo tu. Maneno ya namna hiyo yameumiza watu wengi na kuwafanya waogope hata kwenda kliniki.

Ukubwani, homoni zina nguvu sana. Kwa akina mama, chunusi hupenda kutokea kidevuni na kwenye taya, na huongezeka siku chache kabla ya hedhi. Baadhi ya njia za uzazi wa mpango, kama sindano ama kipandikizi, zinaweza kuongeza chunusi kwa baadhi ya wanawake. Ukiona hivyo usiache njia yako kimya kimya ukapata mimba usiyoipanga. Rudi kwa muuguzi umweleze, kuna njia nyingine. Mafuta mazito ya nywele nayo, yakiteremka kwenye paji la uso, yanaziba vitundu.

KWA NINI NGOZI KAVU NAYO INAPATA CHUNUSI?

Watu wengi hushangaa hapa. Kumbe kitundu kinaweza kuziba hata kama uso wote umepauka. Ngozi ina ukuta wake mwembamba wa juu unaozuia maji ya mwili yasitoke na vitu vikali visiingie. Ukuta huo ukiharibika, ngozi inakauka, inawasha, inakuwa nyepesi kuvimba, na chembe zilizokufa zinarundikana juu ya vitundu.

Hapa Juba tunajua kiangazi chetu, tangu Desemba mpaka Machi. Hewa ni kavu, vumbi limejaa, jua ni kali. Mwezi Machi 2024 serikali ilifunga shule nchi nzima kwa sababu joto lilitarajiwa kufika nyuzi 45. Siku kama hizo mtu anatoka jasho, anajifuta kwa kitambaa kilekile chenye vumbi, anafika nyumbani anajisugua kwa nguvu ili asikie amekuwa safi. Ngozi kavu ikitendewa hivyo kila siku lazima ichoke.

SABUNI YA KUFULIA SI YA USO

Tuseme ukweli, nyumba nyingi zina sabuni moja tu. Kipande kilekile kinafua nguo, kinaosha vyombo na kinaogesha mtoto. Viwango vya kimataifa vya misaada vinataja gramu 250 za sabuni ya kuogea na gramu 200 za kufulia kwa kila mtu kwa mwezi, na vinatenganisha hizo mbili. Sabuni ya kufulia imetengenezwa kung'oa mafuta kwenye nguo. Ukiipeleka usoni inang'oa pia mafuta ambayo ngozi yako inayahitaji.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, uso upate sabuni laini ya kuogea isiyo na manukato makali, hata ile ya mtoto. Ukiwa huna, basi uso unawe kwa maji peke yake asubuhi, na sabuni utumie jioni tu, povu kidogo, kwa vidole, halafu suuza vizuri. Mara mbili kwa siku inatosha. Maji yasiwe ya moto.

Ndimu, dawa ya meno, majivu, spiriti na maji ya betri (ndiyo, wapo wanaojaribu) havina kazi usoni. Ndimu inaunguza, na ngozi iliyounguzwa ikipigwa na jua inaacha doa jeusi. Kusugua kwa jiwe ama kwa dodoki pia hapana. Wale mnaopenda dilka, ule unga wa mtama wenye manukato uliofukizwa moshi, hatuwakatazi desturi nzuri. Ipakeni mwilini, lakini uso wenye chunusi uachwe, kwa sababu kule kusugua na yale manukato kunauchokoza.

MAFUTA GANI YANAFAA?

Ngozi kavu inahitaji mafuta, hata ikiwa na chunusi. Ukiiacha bila kitu, dawa ya chunusi itaiunguza na utaikimbia dawa kabla haijafanya kazi. Kinachohitajika ni kuchagua na kupaka kidogo.

Mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato, hayajulikani kwa kuziba vitundu kama watu wanavyofikiri. Paka kiasi kidogo sana wakati uso bado una unyevunyevu, yanafungia maji ndani. Losheni nyepesi isiyo na manukato ni nzuri pia, hasa wakati wa joto.

Mafuta ya lulu tunayo hapa hapa nyumbani. Mti wake unamea Sudan Kusini na kaskazini ya Uganda, na mafuta yake ni laini kuliko yale ya Afrika Magharibi. Kwa mikono, miguu na mwili ni zawadi. Kwa uso wenye chunusi, jaribu kwanza sehemu ndogo kwenye taya kwa wiki mbili. Vipele vikizidi, uyaweke ya mwili tu.

Mafuta ya nazi ndiyo ya kuangalia sana. Kwa nywele ni mazuri, lakini usoni yanaziba vitundu kwa watu wengi. Mafuta ya kupikia nayo yabaki kwenye sufuria.

KRIMU ZA KUCHUBUA: HATARI ILIYOFICHWA NDANI YA KOPO

Wasomaji wapendwa, hapa tunaomba msome taratibu, hata mara mbili.

Chunusi zikipona kwenye ngozi nyeusi huacha madoa meusi. Madoa hayo yanafifia yenyewe, lakini polepole, miezi kadhaa. Mtu akikosa subira anaambiwa sokoni, "Dada, chukua hii, siku saba tu uso unang'aa." Na kweli, siku saba uso unang'aa, chunusi zinanywea. Anafurahi, anamwambia na jirani.

Kilichotokea ni nini? Krimu nyingi za namna hiyo zina dawa kali za steroidi. Steroidi inazima uvimbe haraka, ndiyo maana mtu anaona amepona. Lakini akiendelea wiki na miezi, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, mishipa inaonekana, na chunusi mpya zinafumuka nyingi kuliko za mwanzo. Akiacha ghafla uso unawaka na kuwasha, kwa hiyo anarudi dukani kununua tena. Huo ni mtego.

Nyingine zina haidrokwinoni. Ikitumika muda mrefu bila daktari inaweza kuleta weusi wa buluu mashavuni ambao ni vigumu sana kuutoa. Afrika Kusini iliipiga marufuku kwenye vipodozi tangu 1990. Mwaka 2019 Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha azimio la kutaka vipodozi vyenye haidrokwinoni vizuiwe katika nchi wanachama, nasi Sudan Kusini ni wanachama tangu 2016.

Mbaya zaidi ni zebaki. Zebaki inapita kwenye ngozi na kuingia kwenye damu, inaharibu figo na mishipa ya fahamu. Mama mjamzito akiipaka inamfikia mtoto tumboni. Mtoto anayelala shavuni kwa mama yake anaipata pia, na kitambaa anachojifutia mama ndicho anachofutiwa mtoto. Nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata zilikubaliana mwaka 2023 kuondoa kabisa vipodozi vyenye zebaki ifikapo 2025. Lakini makubaliano ya mkutanoni hayasafishi meza za sokoni siku hiyo hiyo. Inabidi macho yetu yafanye kazi.

Basi kabla ya kununua, soma kopo. Ukiona maneno "hydroquinone", "mercury", "mercurio", "calomel", "clobetasol" ama "betamethasone", rudisha mezani. Kopo lisilo na orodha ya vilivyomo, lirudishe pia. Na krimu iliyokorogwa na muuzaji mwenyewe ndani ya kikopo kisicho na jina, ule mkorogo, usiiguse kabisa.

Kama umeshatumia kwa miezi mingi, usione haya na usiache peke yako kwa ghafla. Nenda na kopo lako kliniki wakuelekeze namna ya kuacha. Ukiwa mjamzito ama unanyonyesha, nenda wiki hii hii.

DAWA ZINAZOSAIDIA KWELI

Zipo dawa za chunusi zilizojaribiwa miaka mingi.

1. Benzoili peroksidi. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Inaua bakteria wa chunusi. Kwa ngozi kavu tafuta ya asilimia 2.5, kwa sababu inafanya kazi karibu sawa na ile ya asilimia 10 na haikaushi sana. Angalizo mbili: inafifisha rangi ya nguo, kwa hiyo tumia kitambaa cheupe. Pia haipendi joto kali. Usiiache juani wala juu ya bati, iweke mahali penye ubaridi, kwa mfano karibu na mtungi wa maji.

2. Asidi ya azelaiki. Ni ya polepole lakini ni rafiki wa ngozi kavu, na inasaidia madoa pia. Mama mjamzito anaweza kuitumia kwa ushauri wa mhudumu wa afya.

3. Adapalini. Inafungua vitundu vilivyoziba. Inakausha mwanzoni, kwa hiyo anza usiku mmoja na kuruka mmoja ama miwili. Mjamzito asiitumie.

4. Vidonge vya antibayotiki kama doksisaiklini. Hivi ni vya kuandikiwa, kwa muda maalum, pamoja na dawa ya kupaka. Usinunue vidonge vitatu vitatu dukani. Bakteria wanazoea dawa, na siku ukiwa na ugonjwa mkubwa dawa haitakusikia. Mjamzito asitumie.

5. Isotretinoini. Ni ya chunusi kali sana, na inasimamiwa na daktari. Inaharibu vibaya mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mwanamke hawezi kuitumia bila uzazi wa mpango wa uhakika. Usikubali kupewa na rafiki.

Dawa zote hizi zinataka uvumilivu. Matokeo huanza kuonekana baada ya wiki sita mpaka kumi na mbili. Mwenye kuahidi siku saba, mwogope.

RATIBA RAHISI YA NYUMBANI

Hii unaweza kuifanya hata kama maji ni ya jerikani na mnapimiana kikombe.

Asubuhi: nawa uso kwa kikombe kimoja cha maji, bila sabuni kama ngozi ni kavu sana. Kausha kwa kugusisha kitambaa safi, usisugue. Paka losheni ama mafuta ya mgando kidogo. Ukitoka nje, vaa kofia, jitande kitambaa ama chukua mwavuli. Jua ndilo linalofanya madoa yazidi kuwa meusi.

Jioni: nawa kwa sabuni laini, suuza vizuri. Paka mafuta ama losheni kwanza, subiri kidogo, kisha paka dawa kiasi cha punje ya mbaazi kwa uso mzima. Usipake kwenye kipele kimoja kimoja tu, kwa sababu dawa inazuia na vile ambavyo bado havijatokea. Wiki mbili za mwanzo paka usiku mmoja, pumzika mmoja. Ngozi ikiwaka, pumzika siku tatu, endelea na mafuta, halafu anza tena polepole.

Kila wiki: fua foronya, taulo ya uso na kitambaa cha kichwa. Kila mtu awe na taulo yake.

Kila siku: usiminye vipele. Kipele kilichominywa kwa kucha huacha kovu, na kovu halifutiki kama doa.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA NYINGI

Je, karanga ama nyama zinaleta chunusi? Hakuna uthibitisho mzuri wa kuzilaumu karanga na nyama. Kwa baadhi ya watu sukari nyingi na maziwa vinaweza kuongeza chunusi kidogo. Usimnyime mtu chakula kwa sababu ya vipele, hasa mama anayenyonyesha. Ukiweza, punguza soda na sukari kwenye chai.

Nikinywa maji mengi ngozi itaacha kuwa kavu? Maji ni lazima kwa afya, hasa kwa joto letu. Lakini ngozi kavu inatibiwa zaidi kwa kupaka kuliko kwa kunywa.

Mume wangu ana vipele vya ndevu, ni chunusi pia? Mara nyingi hivyo ni nywele zilizojikunja na kurudi ndani ya ngozi. Asinyoe kwa kubana sana, alowanishe ndevu kwanza, anyoe kufuata zinakoelekea, ama aziache fupi kwa mashine. Wembe usichangiwe na mtu mwingine hata kidogo.

WAKATI WA KWENDA KLINIKI

Si kila kipele ni chunusi. Usikae nyumbani ukiona haya:

- Vipele pamoja na homa, ama vilivyoenea mwilini, mikononi na sehemu za siri. Inaweza kuwa tetekuwanga, surua ama mpox. Mwanzoni mwa 2025 mpox ilithibitishwa hapa Sudan Kusini, kwa hiyo tusidharau.
- Baka kwenye ngozi lisilosikia ukiligusa. Ukoma bado upo, unatibika, na dawa yake ni bure.
- Majipu makubwa yenye maumivu yanayoacha mashimo usoni.
- Mwanamke ambaye hedhi yake imevurugika na anaota nywele nyingi kidevuni pamoja na chunusi.
- Huzuni. Mtu ameacha kwenda kanisani, msikitini ama sokoni kwa sababu ya uso wake. Hiyo nayo ni sababu ya kutosha kumwona mhudumu.

NENO KWA FAMILIA

Akina baba, mkimwambia mama wa nyumbani kwamba uso wake umeharibika, jueni neno hilo ndilo linalompeleka kwenye meza ya mkorogo. Afadhali pesa hiyo mnunue sabuni laini na dawa moja nzuri. Mashangazi na mabibi, binti akija kuwauliza, "Shangazi, nifanye nini na uso huu?" msimpe kopo mlilopewa na jirani. Mshikeni mkono mpeleke kliniki. Na nyinyi mnaouza vipodozi sokoni, tunajua mnalisha watoto. Lakini wanunuzi wenu ni dada zenu, na kuna vitu vingi vya kuuza visivyo na zebaki.

Weusi wetu hauna kasoro ya kurekebishwa. Kinachotibiwa ni chunusi na ukavu, na vyote viwili vinatibika polepole. Ukimaliza kusoma, mpe jirani nakala hii, na kama kuna asiyejua kusoma msomee ile sehemu ya krimu.

Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda. Kaeni salama.